Pengo Siyo Sifuri: Namna ya Kusoma Chati Yenye Mwezi Usiopimwa

Siku hizi ukiingia katika ofisi nyingi za vijiji, za vyama vya ushirika au katika zahanati, utaona ukutani karatasi yenye mstari unaopanda na kushuka. Hiyo ndiyo chati. Wengine huiita grafu. Zamani karani aliichora kwa rula na penseli, na kazi hiyo ilimla nusu siku. Siku hizi kompyuta ndiyo inayochora, tena kwa dakika chache tu. Karani anaandika hesabu zake katika jedwali lenye visanduku vingi, anabonyeza, na chati inatokea. Jedwali hilo la kompyuta wataalamu huliita lahajedwali, na programu inayojulikana sana kwa kazi hiyo ni ile iitwayo Excel.

Kwa kuwa chati imechorwa na kompyuta, watu huiamini. Mkutanoni mtendaji akionyesha kwa kidole mahali mstari ulipoanguka, wote wananyamaza. Nani atabishana na kompyuta? Lakini leo tunataka tuulize swali moja. Mstari umeanguka kwa sababu kitu kimepungua, au umeanguka kwa sababu wakati ule hakuna aliyepima? Mambo hayo mawili ni tofauti kabisa, na kompyuta peke yake haiwezi kuyatofautisha. Inategemea karani aliandika nini.

MVUA YA KIJIJI

Tuchukue kijiji kimoja cha mfano. Kijiji hiki kina kipimo cha mvua kilichosimikwa karibu na shule. Kila siku saa tatu asubuhi mpimaji anakwenda, anatazama maji yaliyoingia, kisha anaandika daftarini ni milimita ngapi. Milimita 1 ya mvua maana yake ni kwamba kila mita 1 ya mraba imepata lita 1 ya maji. Basi mwezi wenye milimita 120, kila mita ya mraba ya shamba lako imemiminiwa lita 120, yaani ndoo 6 za lita 20. Siyo maji kidogo hayo.

Daftari la kijiji hiki lina vipimo hivi, kwa milimita:

Oktoba 35
Novemba 90
Desemba 120
Januari (hakuna kilichoandikwa)
Februari 40
Machi 130
Aprili 190
Mei 100

Januari kulikuwa na nini? Siku ya mwisho ya Desemba, mpimaji alipokwisha kuandika, mbuzi walikiangusha kipimo kikapasuka. Kingine kililetwa mwanzoni mwa Februari. Huenda mvua ilinyesha Januari, huenda haikunyesha. Ukiwauliza wakulima, mmoja anasema ilinyesha mara mbili, mwingine anaapa ni mara nne. Daftari lenyewe halisemi kitu.

Sasa karani amekaa mbele ya kompyuta. Ameandika Oktoba, Novemba na Desemba. Amefika Januari. Afanye nini?

Akiandika 0, mstari unatoka kwenye 120 unaporomoka mpaka sakafuni, halafu unapanda tena kwenye 40. Mtu wa wilayani ambaye hakufika kijijini ataona mwezi mzima wa jua kali. Atasema mahindi ya vuli yaliungua kijiji hiki, wakati pengine kijiji cha jirani ndicho kilichoungua kweli. Kuna hata bima za mazao zinazolipa kwa kufuata kipimo cha mvua, bila mtu kwenda kuangalia shamba. Hapo sifuri isiyo ya kweli inageuka kuwa fedha, aidha za kulipwa asiyestahili au za kunyimwa anayestahili.

Akikiacha kisanduku kitupu kabisa, chati ya mstari kwa kawaida inakatika. Mstari unafika Desemba, unasimama, halafu unaanza tena Februari. Katikati panabaki pengo, kama pengo la jino. Chati ya namna hiyo haipendezi machoni, tunakubali. Wakubwa wengine huwaambia makarani, "Hii chati yako mbona imekatika? Nenda kaitengeneze." Lakini chati hiyo ndiyo inayosema kweli, maana inasema: Januari hatujui.

Iko njia ya tatu. Karani anaweza kuiamuru kompyuta iunganishe. Hapo mstari unatoka 120 ya Desemba unakwenda moja kwa moja mpaka 40 ya Februari, na njiani unapita Januari kwenye 80. Ukiiangalia utadhani mvua ya Januari ilikuwa milimita 80. Nani aliipima? Hakuna. Ni kompyuta iliyopiga mstari kati ya vitone viwili.

Njia zote tatu zimo ndani ya Excel. Aliye na kompyuta aibofye chati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, aende mahali pa kuchagua takwimu za chati. Chini kushoto atakuta kitufe kinachohusu visanduku vilivyofichwa na visanduku vitupu. Humo ataulizwa: pengo libaki wazi, lifanywe sifuri, au vitone viunganishwe? Karani wengi hawajawahi kufungua mahali hapo. Nasi tunashauri wapafungue, kwa sababu zipo chati za namna nyingine, kama ile ambayo eneo lililo chini ya mstari limepakwa rangi, ambazo zisipoambiwa kitu zenyewe huhesabu kisanduku kitupu kuwa sifuri.

NGUZO HAZISEMI

Hapa kuna jambo ambalo hata waliosoma sana huwapita. Chati nyingi za vijijini siyo za mstari. Ni za nguzo, yaani kila mwezi una nguzo yake, ndefu au fupi. Je, mwezi wenye sifuri nguzo yake ina urefu gani? Haina urefu, haionekani. Na mwezi usiopimwa? Nao hauonekani. Basi katika chati ya nguzo, sifuri na pengo hufanana kama mapacha. Hata karani akiwa mwaminifu namna gani, msomaji hawezi kujua.

Dawa yake ni ndogo. Pale penye sifuri ya kweli, iandikwe 0 juu ya mahali pa nguzo. Pale pasipopimwa, yaandikwe maneno: haikupimwa. Kama kompyuta inamsumbua, karani achapishe karatasi, kisha aandike kwa kalamu. Kalamu bado ni chombo kizuri.

KUUNGANISHA KUNAFAA LINI?

Msomaji anaweza kuuliza, "Kama kuunganisha ni kubuni, mbona programu imewekewa njia hiyo?" Ni swali zuri. Jibu ni kwamba inategemea kitu kinachopimwa.

Kina cha maji katika kisima wakati wa kiangazi hushuka polepole. Kama Juni kamba ililowa mita 6, na Agosti ikalowa mita 4, siyo vibaya kufikiri kwamba Julai ilikuwa karibu na mita 5. Unaweza kuunganisha, lakini kwa mstari wa nukta nukta, ili mtu ajue pale palikisiwa. Mvua haiko hivyo. Mvua ya mwezi huu haimfuati mwenzake wa mwezi uliopita. Inaweza kumwagika Desemba, ikakatika kabisa Januari, ikarudi Februari. Kuunganisha mvua ni kubahatisha.

Uzito wa mtoto uko katikati, na hapo ndipo tunapoomba akina mama na akina baba wasikilize vizuri. Kadi ya kliniki ni chati. Kila mwezi mtoto anapimwa, kitone kinawekwa, na vitone vinaunganishwa. Tuseme mtoto wa miezi 7 alikuwa na kilo 7.5. Mwezi wa 8 na wa 9 hakupelekwa, kwa sababu ya kazi za kuvuna au mto kufurika. Mwezi wa 10 akapimwa, kilo 7.6. Mtu akiunganisha vitone viwili hivyo, anapata mstari uliolala, unaopanda kidogo sana. Lakini kilichotokea kati ya hapo hatukijui. Pengine mtoto alisimama pale pale miezi yote mitatu. Pengine alifika kilo 8.2, halafu akaugua kuharisha akashuka hadi 7.6. Mtoto wa kwanza ana tatizo la chakula la siku nyingi. Mtoto wa pili ana ugonjwa uliompata juzi, na anaweza kuhitaji msaada leo leo. Mstari ni mmoja kwa wote wawili.

Huko Indonesia mwongozo wa kadi ya mtoto unasema wazi: kama mwezi uliotangulia mtoto hakupimwa, kitone kipya kisiunganishwe na cha zamani. Tunaona ni mwongozo wa busara. Unamlazimisha muuguzi kumwuliza mama, "Miezi ile miwili mtoto alikuwaje?" Nawe mama, kama huulizwi, sema mwenyewe. Hayo ndiyo yasiyokuwemo kwenye kadi.

MAZIWA NA WASTANI

Pengo linaharibu hesabu pia, siyo chati tu. Ng'ombe alikamwa wiki nzima. Jumatatu lita 8, Jumanne 7, Jumatano haikuandikwa, Alhamisi 8, Ijumaa haikuandikwa, Jumamosi 7, Jumapili 8. Jumla ya siku zilizoandikwa ni lita 38, na siku hizo ni 5. Gawanya 38 kwa 5, wastani ni lita 7.6 kwa siku. Huyo ni ng'ombe mzuri.

Sasa karani mwingine ajaze 0 Jumatano na Ijumaa "ili jedwali lisiwe na matundu". Kompyuta itagawanya 38 kwa 7. Wastani unakuwa lita 5.4 tu. Ng'ombe ni yule yule, majani yale yale, lakini katika karatasi amepungukiwa lita 2 na zaidi kila siku. Mwenye ng'ombe anaweza kushauriwa amwuze. Excel ikiambiwa itafute wastani huviruka visanduku vitupu, lakini sifuri inaihesabu kama siku kamili. Haina kosa. Imeambiwa 0, imeamini 0.

SIFURI NAYO NI HABARI

Mpaka hapa tumelaumu pengo kufanywa sifuri. Kuna kosa la upande wa pili: sifuri kufanywa pengo. Hilo tunaliona kuwa baya zaidi, kwa sababu halionekani kabisa.

Tuseme bomba la kijiji lina daftari la ndoo zinazotekwa kila mwezi. Julai ndoo 2,400. Agosti pampu iliharibika, haikutoka hata ndoo moja. Septemba ilitengenezwa, ndoo 2,300. Karani anafikiri, "Agosti hakukuwa na kazi, niandike nini?" Anaacha wazi. Kompyuta inaunganisha. Mhandisi wa maji anaona mstari uliotulia kutoka 2,400 hadi 2,300, anaridhika, anakwenda zake. Mwezi mzima akina mama waliochota maji ya dimbwi umefutika. Hapa sifuri ilikuwa ya kweli, na ilitakiwa kuandikwa kwa herufi kubwa.

Kosa la namna hii, la kuacha nje yale yaliyo sifuri, halifanywi na makarani wa vijiji tu. Limefanyika pia kwa watu wenye elimu kubwa, na watu wakafa. Tarehe 28 Januari 1986, huko Marekani, chombo cha anga kiitwacho Challenger kilirushwa asubuhi ya baridi kali, nyuzi karibu 2 tu za Selsiasi. Baada ya sekunde 73 kilisambaratika hewani. Watu wote 7 waliokuwamo walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Roketi zilizokisukuma chombo hicho zilikuwa na viungo, na kila kiungo kilizibwa kwa pete za mpira ili moto usipenye. Mpira ukipata baridi unakuwa mgumu, hauzibi vizuri. Jioni ya kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi walikuwa na wasiwasi na baridi, wakashauri chombo kisirushwe. Ukafanyika mjadala kwa simu. Zikaangaliwa safari za nyuma ambazo pete zilipata madhara. Ikaonekana nyingine zilikuwa za siku za baridi, nyingine za siku za joto. Ikawa vigumu kuonyesha kwamba baridi ndiyo yenye kosa, na wakubwa wakaamua chombo kirushwe.

Umeona kilichokosekana? Safari ambazo pete hazikupata dhara lolote, yaani safari zenye sifuri, hazikuwekwa katika kulinganisha. Baada ya msiba, tume ya uchunguzi ilizipanga safari zote. Katika safari 20 za joto la pete la nyuzi 19 au zaidi, 3 tu zilikuwa na madhara. Katika safari 4 za nyuzi 17 au chini yake, zote 4 zilikuwa na madhara. Tazama hesabu hiyo mara mbili: 3 kati ya 20, na 4 kati ya 4. Sifuri zilipoingia, jambo likawa wazi hata kwa mtu asiye mhandisi. Ripoti ya tume ilitoka Juni 1986.

KARANI AANDIKE NINI?

Turudi kwenye daftari letu. Wengi huweka kistari, au neno "hakuna", mahali pasipopimwa. Daftarini kistari kinaeleweka. Lakini katika kisanduku cha Excel, chati ya mstari ikikuta maneno au kistari mahali pa namba, huweka kitone chake kwenye sifuri. Basi karani aliyekimbia kuandika 0 anajikuta amepata 0 ile ile. Tena neno "hakuna" lenyewe lina maana mbili: hakuna mvua, au hakuna kipimo? Tunashauri liachwe.

Kisanduku kibaki kitupu kweli kweli, na pembeni yake kuwe na safu nyingine ya maelezo: "Kipimo kilipasuka", "Mpimaji aliugua". Sababu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mpimaji akiugua siku 3, maji hayaendi popote, yanakaa ndani ya kipimo. Akirudi siku ya 4 anapima maji ya siku zote nne pamoja. Hayo siyo mvua ya siku moja, kwa hiyo aandike "jumla ya siku 4". Jumla ya mwezi inabaki sawa, kama kipimo hakikufurika na jua halikuyapunguza maji, ingawa mvua ya kila siku haijulikani. Kipimo kikipasuka, hata jumla imepotea. Mapengo mawili, kila moja na maana yake.

Vituo vikubwa vinavyoweka kumbukumbu za hali ya hewa za dunia navyo vina mapengo. Kumbukumbu moja kubwa ya vipimo vya kila siku, inayotunzwa Marekani, huweka namba -9999 mahali pasipopimwa. Wamechagua namba isiyowezekana kabisa, ili isifanane na kipimo cha kweli. Lakini mtu akiichukua na kuichora bila kuiondoa, mstari unachimba shimo chini ya karatasi. Afadhali hivyo. Shimo la namna hiyo kila mtu analiona na kuuliza. Sifuri huingia kimya kimya.

Jambo jingine dogo: ukificha mstari wa jedwali katika Excel ili usionekane, kwa kawaida na chati nayo inauacha. Hivyo chati inaweza kukosa mwezi bila mtu kukusudia. Na mwingine anaweza kukusudia.

Nawe mwananchi usiye na kompyuta, una kazi mkutanoni. Chati ikibandikwa, kwanza hesabu miezi kwa kidole: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Je, yote imo? Mstari ukigusa chini, uliza, "Hii sifuri imepimwa, au haikupimwa?" Mstari ukiwa umenyooka kama kamba iliyovutwa, uliza vitone viko wapi. Wakikuambia wastani, uliza wamegawanya kwa siku ngapi. Halafu omba daftari lenyewe liletwe, lile la mpimaji lenye madoa ya maji ya mvua, lilinganishwe na karatasi iliyo ukutani. Kama daftari limepotea, na hilo liandikwe katika muhtasari wa mkutano, pamoja na majina ya miezi isiyojulikana.